Mtoto Mgeni Darasani: Habari za Uhamaji na Shule katika Singida

Waandishi wa historia hupenda kuandika juu ya watu wazima. Huandika juu ya majemadari na vita vyao, juu ya magavana na amri zao, juu ya wakulima na kodi zao. Mtoto huonekana kwa nadra katika vitabu vya namna hiyo, na aonekanapo, aghalabu huwa hesabu tu: idadi ya walioandikishwa, idadi ya waliofaulu, idadi ya waliokufa kwa njaa. Jambo hili si la ajabu, maana mtoto haandiki barua kwa serikali wala hahutubii mkutano. Lakini kila jamaa ilipohama katika nchi hii, iwe kwa njaa, kwa kazi au kwa amri, mtoto alihama pia. Na tangu shule zilipoingia, kuhama kwake kulikuwa kuacha vitu viwili. Aliacha nyumba, na aliacha shule.

Makala haya yanakusudia kulitazama jambo hilo katika Mkoa wa Singida, ambao watu wake wamehamishwa mara nyingi na kwa sababu nyingi. Swali lenyewe ni hili: mtoto aliyebadilishwa shule, tena na tena, alisimama kwa nguvu gani? Watu wengi hujibu upesi kwamba watoto ni wepesi wa kuzoea. Siku mbili hulia, siku ya tatu hucheza. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini lina hatari pia, kwani humpa mtu mzima ruhusa ya kumhamisha mtoto apendavyo na kisha kumsifu kwa kuvumilia. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Habari za Singida zaonyesha kwamba ustahimilivu wa mtoto haukutoka kwake peke yake. Ulitegemea yale yaliyohama pamoja naye, na yale aliyoyakuta yakimngoja.

Kwanza yafaa kuitazama nchi yenyewe. Singida iko katika uwanda wa juu, katikati ya Tanzania. Mvua yake ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, nayo haina ahadi. Katikati ya mkoa wanakaa Wanyaturu, ambao hujiita Warimi. Kaskazini wako Wanyiramba na Wanyisanzu. Kusini, katika Manyoni, wako Wagogo, na upande wa Itigi Wakimbu. Pamoja na hao wako wafugaji wa Kibarbaig, ambao lugha yao si ya Kibantu, na karibu na Ziwa Eyasi wako Wahadzabe, ambao lugha yao ina sauti za vidoko zisizopatikana katika lugha za jirani zao. Mtoto aliyetoka pembe moja ya mkoa huu kwenda pembe nyingine aliweza kusikia lugha tatu au nne njiani, na asifahamu hata moja.

Wanyaturu hawakuwa watu wa kuhama ovyo. Desturi yao ni kurutubisha shamba kwa samadi ya ng'ombe. Shamba lililo karibu na tembe hupata samadi mwaka baada ya mwaka, hata udongo wenyewe ukawa mali ya kurithiwa, kama vile ng'ombe. Mtu aachaye shamba la namna hiyo huacha kazi ya baba yake na ya babu yake. Lakini njaa haikuuliza mtu desturi yake. Katika miaka ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wadachi na ya Waingereza kuchukua chakula, ng'ombe na wapagazi, na mvua nayo kukosekana, Ugogo ulipatwa na njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Watu walitawanyika kutafuta chakula, na jamaa nyingi ziligawanyika.

Katika siku hizo shule zilikuwa chache mno, kwa hiyo hapakuwa na habari ya kubadili shule. Lakini palikuwa na habari ya kubadili nyumba, na hapo ndipo tunapoona kanuni ya kwanza. Mtoto alipelekwa kwa watu waliokuwa na jina la kumwita. Miongoni mwa Wanyiramba na Wanyisanzu, ambao tangu zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, nyumba ya mjomba haikuwa nyumba ya wageni. Mtoto aliyefika huko alikuta mahali pake pamekwisha kuwekwa na ukoo kabla hajazaliwa. Alifahamu nani wa kumwamkia kwanza, nani wa kutaniana naye, na nani wa kumwogopa. Aliumia kwa kuwakosa wazazi, lakini hakuhitaji kujieleza kuwa yeye ni nani. Desturi hii haikuwa shule. Ila ilikuwa na jambo ambalo shule nyingi za baadaye zilikuja kulikosa.

Utawala wa Wadachi ulileta sababu mpya za kuhama. Reli ya kati, ambayo ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912, ikipita Manyoni na Itigi. Huko Sekenke, katika Iramba, ilichimbwa dhahabu, na kwa dhahabu hiyo Wadachi walitengeneza sarafu za rupia 15 huko Tabora mwaka 1916, walipokuwa wamefungiwa njia ya bahari. Waingereza walipotawala, walijenga katika miaka ya 1930 tawi la reli kutoka Manyoni kwenda Kinyangiri kupitia Singida. Na katika miaka ya 1940 tawi hilo likang'olewa. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 Itigi ilikuwa kituo cha kuteremka abiria na mizigo iendayo kwa barabara mpaka machimbo ya dhahabu ya Lupa. Reli iletwapo, huleta makarani, mafundi na vibarua, pamoja na wake na watoto wao, ing'olewapo, huwaondoa. Kwa wakubwa ni chuma kilichokuja na kwenda. Kwa mtoto wa mfanyakazi wa reli ni marafiki waliopatikana na kupotea.

Shule za wakati wa Waingereza ziligawanyika kwa namna ambayo mhamaji aliisikia zaidi kuliko mwenyeji. Zilikuwapo shule za serikali, zilikuwapo za tawala za wenyeji, na nyingi zaidi zilikuwa za misheni. Katika Iramba Walutheri ndio waliokuwa na nguvu, na huko Kinampanda walikuwa na chuo cha kufundishia walimu. Katika Unyaturu Wakatoliki walikuwa na misheni yao ya Makiungu. Kusini, Kilimatinde, walikuwako Waanglikana. Kwa hiyo mpaka wa kabila na mpaka wa dini mara nyingi ulikaribiana, na mtoto aliyehama kutoka Makiungu kwenda Kinampanda hakubadili jengo tu. Alibadili sala ya asubuhi, nyimbo, sikukuu, na pengine lugha ya darasa la kwanza, maana baadhi ya shule za misheni zilianza kufundisha kwa lugha ya mahali. Alikuwa Mnyaturu kati ya Wanyiramba, na Mkatoliki kati ya Walutheri, na mgeni kati ya wenyeji. Mambo matatu kwa mtoto wa miaka minane.

Tena palikuwa na uhamaji ulioletwa na mpango wenyewe wa shule. Katika miaka ya 1950 mafunzo ya Waafrika yaligawanywa katika vipindi vya miaka minne: shule ya msingi kutoka darasa la kwanza hata la nne, shule ya kati kutoka la tano hata la nane, kisha sekondari. Mwisho wa kila kipindi palikuwa na mtihani, na watoto wengi walikomea darasa la nne. Mtoto aliyefaulu alilazimika kuondoka kwao akakae bweni katika shule ya kati, na akifaulu tena, aende mbali zaidi, pengine Tabora au Dodoma. Hivyo kuhama kulikuwa thawabu ya akili. Jambo hili lataka kuangaliwa, kwa sababu lilibadili maana ya kuhama. Mtoto aliyekwenda bweni aliagwa na jamaa zake kwa fahari, akapewa sanduku, akatajwa kwa majirani. Mtoto wa kibarua aliyehamishwa na kazi ya baba yake hakuagwa na mtu. Wote wawili waliacha kwao, lakini mmoja alijua kwa nini anakwenda.

Katika makarani wa serikali uhamisho ulikuwa jambo la kawaida. Shaaban Robert, mwandishi wetu mashuhuri, alikuwa karani wa namna hiyo: alitumikia idara ya forodha pwani kwa miaka mingi, na mwaka 1944 akahamishiwa Mpwapwa katika idara ya mifugo. Mpwapwa wakati huo ilikuwa katika Mkoa wa Kati, mkoa uleule uliokuwa na Singida ndani yake kabla Singida haijawa mkoa wa peke yake mwaka 1963. Katika kitabu chake cha maisha yake ameeleza taabu ya safari ile. Na mtu huyu alitunga utenzi kwa ajili ya binti yake, na mwingine kwa ajili ya mwanawe, kuwausia mwenendo. Haifai kudai kwamba alitunga kwa sababu ya uhamisho. Lakini twaweza kusema kwamba mzazi ambaye kazi yake haimpi makao ya kudumu ana haja kubwa kuliko wengine ya kumpa mtoto kitu kisichoachwa njiani, nacho ni maneno. Nyumba ya serikali hurudishwa kwa serikali. Wasia hubaki na mtoto.

Katika Mkoa wa Kati huohuo, wakati huohuo, palitokea mfano ambao wengi wameusahau. Mwaka 1940 na 1941 Warusi waliwahamisha Wapoland wengi kwa nguvu kutoka makwao na kuwapeleka Siberia na Asia ya Kati. Mwaka 1942 maelfu yao walitoka kwa njia ya Iran, na wengi katika wanawake na watoto wakaletwa Afrika Mashariki. Kambi kubwa katika Tanganyika ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha. Na kambi nyingine ndogo ilikuwa Kondoa, jirani na Singida. Watoto hao walikuwa wamebadili nchi tatu au nne katika muda wa miaka miwili au mitatu, na wengi walikuwa wamefiwa na mzazi mmoja au wote. Jambo la kwanza ambalo wakubwa wao walilifanya katika makambi, mara walipopata kivuli cha kukalia, lilikuwa kufungua shule, na kufundisha kwa lugha yao. Nchi ilikuwa ngeni, miti ilikuwa migeni, chakula kilikuwa kigeni. Lakini mtoto alipoingia darasani alikuta lugha ya mama yake na historia ya kwao. Shule ndiyo iliyokuwa nchi yake.

Msomaji aweza kuuliza, je, yafaa kumfananisha mtoto wa Kipoland wa Kondoa na mtoto wa Kinyaturu wa mwaka huohuo? Hali zao hazikuwa sawa, na serikali ya kikoloni haikuwatendea sawa. Mmoja aliwekwa chini ya uangalizi wa dola kubwa, na mwingine aliachiwa ukoo wake na misheni. Lakini mfano wafaa kwa jambo moja. Waonyesha kwamba hata mtoto aliyepoteza karibu kila kitu aweza kuendelea na masomo, iwapo darasa analoingia halimwanzishi upya kama mtu asiyejua neno.

Darasa la namna hiyo lilianza kupatikana kwa watoto wengi wa Singida baada ya Uhuru, kidogo kidogo. Kuanzia mwaka 1962 ubaguzi wa shule kwa rangi uliondolewa kwa sheria. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa mafunzo yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, na tangu wakati huo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi zote za serikali, kutoka darasa la kwanza hata la saba. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni chini ya serikali. Tukiyatazama mambo haya kwa macho ya mwanasiasa, tutaona ujenzi wa taifa. Tukiyatazama kwa macho ya mtoto mhamaji, tutaona jambo jingine: kwamba kwa mara ya kwanza mtoto aliweza kutoka Makiungu kwenda Kinampanda, au Itigi kwenda Kiomboi, akakuta lugha ileile ya darasani, vitabu vilevile, na mtihani uleule. Mipaka mitatu tuliyoitaja juu haikufutika, lakini ilipunguzwa kimo, mtoto akaweza kuivuka.

Jaribio kubwa lilikuja mara. Tarehe 6 Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kazi hiyo imalizike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mkoa wa Singida, kama mikoa mingine, ukaingia katika Operesheni Vijiji. Kufikia mwaka 1977 zaidi ya watu milioni 10 nchini walihesabiwa kuwa wanakaa vijijini. Katika sehemu kadha za nchi nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto ili watu wasirudi. Wakati huohuo palikuwa na ukame, na chakula kilipungua katika taifa zima. Kwa Mnyaturu kuacha shamba la samadi kulikuwa hasara ambayo haikuandikwa katika daftari lolote.

Tufikiri habari za mtoto aliyezaliwa Unyaturu mwaka 1964, na kuanza shule mwezi Januari 1971 akiwa na miaka saba. Kiswahili alikisikia kwa mwalimu kuliko kwa mama, kwa hiyo darasa la kwanza lenyewe lilikuwa kama nchi ngeni. Alipokuwa darasa la tatu, mwaka 1973, ada ya shule za msingi ilifutwa, na wenziwe waliobaki nyumbani kwa umaskini wakaanza kuingia. Katika miaka hiyo mtihani wa kuchuja wa darasa la nne nao uliondolewa. Mwaka 1974, akiwa darasa la nne, jamaa yake ikaamriwa kuhamia kijijini. Tembe likaachwa, akaenda shule mpya, ambayo pengine ilikuwa bado mti na ubao. Mwezi Novemba wa mwaka huohuo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaazimia kwamba watoto wote wa umri wa shule waingie shuleni kufikia Novemba 1977, badala ya mwaka 1989 kama ilivyokusudiwa kwanza. Darasa lake likajaa. Mwalimu wake aweza kuwa kijana aliyemaliza darasa la saba juzi, naye akijifunza ualimu papo hapo kijijini, kwa redio na kwa masomo ya posta. Mwaka 1977 mtoto huyu alifanya mtihani wa darasa la saba. Katika muda wa miaka saba alibadilishiwa nyumba, shule, walimu, wenziwe, na kanuni za elimu yenyewe.

Watoto wa namna hii walikuwa wengi mno. Wanafunzi wa shule za msingi nchini walikuwa kama 1,200,000 mwaka 1974, nao walikaribia 3,000,000 mwaka 1978. Wengi wao walisoma, wakahitimu, wakawa wakulima, walimu, wauguzi na askari, na leo ni babu na bibi. Nini kiliwashika?

Jambo la kwanza ni lugha na masomo, ambayo tumekwisha kuyaeleza. Jambo la pili halikupangwa na mtu: mtoto wa kijijini hakuhama peke yake. Operesheni iliwahamisha majirani pamoja. Mtoto alipoteza mti aliouzoea na njia ya kisimani, lakini asubuhi alipokwenda shule mpya aliwaona watoto wa jirani zake wa zamani wakienda pamoja naye, nao wageni kama yeye. Ugeni wa wengi si mzito kama ugeni wa mmoja. Linganisha na mtoto wa mtumishi wa serikali aliyehamishwa kutoka Singida kwenda wilaya nyingine. Yeye alikuwa na viatu, taa na kitanda, na baba yake alikuwa na mshahara. Lakini aliingia darasani akiwa peke yake, watoto hamsini wakimtazama. Twaona basi kwamba umaskini na upweke ni mizigo miwili tofauti, na kwamba mtoto mwenye nafuu ya mmoja aweza kulemewa na wa pili. Mara nyingi tumemhurumia mtoto wa tembe na kumsahau mtoto wa nyumba ya bati.

Jambo la tatu ni kazi. Wahenga wamesema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shule za Elimu ya Kujitegemea zilikuwa na mashamba, mifugo na zamu za kuchota maji, na wengi wamezilaumu kwa kuwatumikisha watoto. Lawama hiyo ina haki yake pale ambapo jembe lilichukua mahali pa kitabu. Lakini kwa mtoto mgeni jembe lilikuwa na faida ambayo kitabu hakikuwa nayo. Darasani aliweza kukaa nyuma, kimya, mwezi mzima pasipo mtu kujua jina lake. Shambani alipewa tuta lake, na aliyelima tuta la kando alilazimika kusema naye. Kazi ilimpa mahali kabla ya urafiki, na urafiki ukafuata.

Haya yote nimeyasema kwa upande wa waliosimama. Haki yatudai kuwatazama pia wasiosimama, maana historia ya ustahimilivu huandikwa na waliostahimili, na wengine hawana wa kuwasemea. Watoto wa wafugaji, ambao jamaa zao ziliendelea kufuata maji na majani, walikuta shule imejengwa kwa ajili ya watu wakaao. Ng'ombe walipohama, jina la mtoto lilikatwa katika daftari la mahudhurio. Mtoto wa Kihadzabe aliyeletwa shuleni alikuta Kiswahili kigeni kwake mara mbili kuliko kwa Mnyaturu, kwani hakina undugu wowote na lugha ya mama yake. Wasichana walikuwa wa kwanza kubakizwa nyumbani kila jamaa ilipohama, kwa sababu nyumba mpya huhitaji maji, kuni na mikono ya kulea wadogo. Na wale waliohamishwa karibu na mtihani waliweza kupoteza mwaka, na mwaka mmoja kwa mtoto wa maskini mara nyingi huwa mwisho wa masomo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule tangu miaka saba hadi kumi na mitatu. Lakini sheria huweza kumfikisha mtoto mlangoni, haiwezi kumkaribisha ndani.

Mambo haya si ya kale tu. Mwaka 2012 wilaya mpya za Ikungi na Mkalama zilianzishwa katika Mkoa wa Singida, zikaleta ofisi mpya na watumishi wapya pamoja na watoto wao. Tangu mwaka 2016, serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kwa ukamilifu, jamaa nyingi za watumishi zimetoka Dar es Salaam kuja katika nchi ya kati. Siku hizi kumbukumbu za wanafunzi zimewekwa katika mitambo, na mtoto anayo namba inayomfuata kutoka shule hata shule. Hayo ni maendeleo ya kweli, kwani zamani barua ya uhamisho iliyopotea njiani iliweza kumrudisha mtoto darasa la nyuma.

Lakini mpaka mwingine umejengwa tena. Tangu miaka ya 1990 shule za msingi za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zimeongezeka. Mtoto anayetoka katika shule ya namna hiyo, kwa sababu mzazi ameishiwa ada au amehamishiwa mahali pasipo na shule hiyo, huingia shule ya serikali na kuambiwa hesabu zilezile alizozijua, kwa maneno asiyoyajua. Na anayekwenda kwa upande wa pili hupatwa na yaleyale, pengine zaidi. Kutoka Manyoni kwenda Kiomboi ni mwendo wa siku moja kwa gari. Kutoka lugha moja ya darasani kwenda nyingine ni mwendo wa mwaka mzima. Kizazi cha mwaka 1974 kilihama kwa taabu, lakini hakikuvuka mto huo. Watoto wa leo wanauvuka, na sisi twawaambia kwamba watoto huzoea upesi.

Basi habari za Singida zatuachia funzo lililo wazi. Katika njaa, mtoto aliokolewa na ukoo uliokuwa na jina la kumwita. Katika kambi ya Kondoa, aliokolewa na lugha yake. Katika vijiji vya mwaka 1974, alishikwa na Kiswahili, na majirani waliohama pamoja naye, na tuta la kulima. Mahali ambapo hakukuwa na hata kimoja cha vitu hivyo, watoto wengi waliacha shule, na hakuna aliyeandika majina yao. Mzazi ambaye kazi yake yamhamisha hawezi daima kukataa uhamisho. Aweza kumweleza mtoto kwa nini wanakwenda, na kumpa nafasi ya kuaga. Mwalimu apokeaye mtoto mgeni hawezi kumrudishia shule yake ya zamani. Aweza kujifunza jina lake siku ya kwanza, kumkalisha karibu na mtoto mwema, na kumpa kazi siku ya tatu. Mambo haya hayagharimu shilingi. Na serikali, ambayo ndiyo mhamishaji mkubwa kuliko wote katika historia hii, yaweza kukumbuka kwamba kila barua ya uhamisho iandikwayo kwa jina la mtu mzima mmoja huhamisha pia watoto ambao majina yao hayamo ndani yake.